Staa wetu akitaka anacheza, asipotaka anatembea tu uwanjani

Ami shikamoo, na salamu kwa wote wanaosoma safu hii. Mimi ni kepteni wa timu ya basketi hapa Malindi, timu ya mtaa tu, sio ya kampuni wala ya chuo, tunacheza kwenye uwanja wa simiti wa shule moja ambao mwalimu mkuu ametukubalia jioni, kuanzia alasiri mpaka maghribi kwa sababu taa hakuna. Nakuandikia maana hili jambo tumelizungumza wenyewe kwa wenyewe hadi tumechoka na kila mmoja anavuta kwake.

Tuna mchezaji mmoja, jina silitaji, wacha nimwite Staa maana ndivyo watoto wa mtaa wanavyomwita. Wallahi mpira anaujua. Urefu anao, mkono mlaini, akipata mpira nje ya mstari wa pointi tatu na upepo umetulia, we anza kurudi nyuma tu, huo umeshaingia. Timu za Mombasa zikija huku zinamuulizia yeye kabla hata hawajashusha mabegi kwenye matatu. Kuna timu moja ya huko ilikuja, siku hio Staa alifunga, akablok, akarukia mpira uliokuwa ushatoka nje mpaka goti likachubuka, tukashinda na watu wakaingia uwanjani.

Sasa wiki iliyofuata tumeenda Watamu kucheza na vijana wa shule, watoto kabisa Ami, na Staa huyo huyo akatembea. Yaani alitembea kwa miguu yake. Akipoteza mpira anasimama pale pale, mikono kiunoni, anamkodolea refa macho, na yule mtoto aliyempokonya ashafika kule anauweka ndani peke yake. Ribaundi, ule mpira uliokosa kikapu ukarudi, haendi. Mtu wake akimpita anamwonyesha kidole senta wetu, "saidia!" Na senta wetu, yule mrefu wa kukaa chini ya kikapu, ni kijana wa Barani, mpole hata kunung'unika hajui, ndiye anayetoka kwenda kumzuia mtu ambaye si wake, anafika amechelewa nusu hatua, anagonga mkono, filimbi, faulo. Kila mechi ni hivyo hivyo. Kota ya nne inaanza yeye ana faulo nne, ya tano anatoka, na tukifungwa watu wanasema senta wenu ana faulo za kijinga. Staa yeye pointi zake ishirini na kitu ziko kwenye daftari, anavaa ndara zake anaondoka.

Mazoezi ndio usiseme. Anakuja wakati sisi tushamaliza kukimbia, anapiga mipira ya mbali, anachekesha watu, maghribi inaingia. Nikimwambia ananijibu, kepteni, nikikufungia ishirini na tano unataka nini tena, nikupikie na biriani? Wachezaji wamegawanyika, kuna wanaosema tumtoe, kuna wanaosema bila yeye hatushindi hata na chekechea, na kocha hatuna, aliyekuwepo alipata kazi Nairobi, kwa hivyo lawama zote ni zangu.

Kuna mambo mengine pia. Jezi na mipira tulinunuliwa na mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini na akija kuangalia mechi anakuja kumwangalia Staa, siku Staa hayupo anauliza hata kabla hajakaa. Halafu Staa ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu baba mmoja mama mmoja, na nyumbani nishaambiwa nimwache kaka wa watu maana anatoka kwenye maboti ya watalii amechoka.

Ramadhani iliyopita tulipata mashindano ya usiku baada ya tarawehe kwenye uwanja wenye taa, akacheza ovyo akasema saumu imemmaliza. Nikaweka kwenye grupu la WhatsApp habari za Hakeem Olajuwon, yule Mwislamu wa Nigeria, kwamba Februari 1995 alikuwa amefunga na anacheza NBA, ligi kubwa ya Marekani, na saumu yake mchana, na mwezi huo huo akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi. Staa akatoka kwenye grupu. Mpaka leo hajarudi, akitaka kujua mechi ni saa ngapi anamuuliza dadake.

Ligi inaanza mwezi ujao. Nimweke nje? Au staa ana haki zake na mimi ndio namuonea? Nisaidie Ami.

Kepteni aliyechoka, Malindi

JIBU

Marahaba mwanangu, pole na majukumu. Barua yako ni ndefu na karibu yote ni mashtaka, ila kule chini kuna kitu umekipitisha mbio mbio na umekiweka kwenye mdomo wa mkeo, habari ya maboti. Nitakirudia, maana mimi naona mzigo wote umelalia hapo.

Lakini kwanza nikupe haki yako. Humuonei. Mtu akifunga 25 na yule anayetakiwa yeye amkabe akafunga 18 bila jasho, na juu ya hapo senta wako akatolewa kwa faulo za kumfukia mashimo yeye, hizo 25 si 25 tena. Daftari lenu linaandika pointi za Staa na linaandika faulo za senta, halina mahali pa kuandika faulo hizo zimesababishwa na nani. Ndio maana mtaa mzima unampigia makofi mmoja na kumtukana mwingine, na wewe peke yako ndio unaona kinachoendelea, na hilo ni jambo zuri kwa kepteni kwa hivyo usianze kujitilia shaka.

Ila angalia unamdai nini. Ukisoma barua yako utadhani unataka acheze kila siku vile alivyocheza na wale wa Mombasa, na hicho hutakipata, hata wale wa kulipwa mamilioni hawakitoi. Mpira unaingia na siku nyingine unakataa, mkono ni ule ule. Fainali ya NBA 2010, mechi ya saba, Lakers na Boston Celtics, Kobe Bryant wa Lakers alirusha mara 24 zikaingia 6. Sita! Mbele ya dunia nzima. Na Lakers wakashinda 83 kwa 79 na wakachukua kombe, kwa sababu katika mechi ile ile ambayo mkono ulimkataa alivuta ribaundi 15, na yeye ni gadi, mchezaji wa nje, sio senta. Mkono ulikuwa umelala lakini miguu ilikuwa macho. Hicho ndicho unachoweza kumdai Staa kila siku, iwe Mombasa iwe Watamu iwe mazoezini, arudi mbio akipoteza mpira, amzuie mtu wake kwa mgongo mpira ukiwa hewani, na aje. Pointi usimdai. Ukimdai pointi atakuletea pointi na ataendelea kukujibu habari za biriani, na jibu lake litakuwa sawa.

Sasa tuje kwenye boti.

Wewe ni mtu wa Malindi, unajua boti za sakafu ya kioo zinaenda kwenye matumbawe kule mbuga ya baharini maji yakikupwa, na maji hayakupwi saa ile ile, kila siku yanachelewa kama dakika hamsini hivi. Kwa hivyo kuna wiki kijana anaamka usiku mkubwa na adhuhuri yuko nyumbani ameoga, na kuna wiki anashusha watalii jua linakaribia kuzama, ameshinda juani, amevuta kamba ya nanga, amebeba mitungi na watoto wa Kizungu, halafu anakuja uwanjani moja kwa moja na chumvi mwilini. Umesema mechi ya Mombasa alipaa na ya Watamu, wiki moja baadaye, alitembea. Wiki moja, mwanangu, maji yamegeuka kabisa! Yaliyokuwa yamekupwa asubuhi sasa yanakupwa jioni. Sisemi ndio sababu, mimi sikuwepo, lakini kabla hujamwita mtu hana msimamo chukua ratiba ya maji, wavuvi wote wanayo kichwani, uilinganishe na siku zake nzuri na siku zake mbaya. Labda hazitafanana na utakuwa umepoteza robo saa tu. Zikifanana ujue ulikuwa unapigana na mwezi wa angani, ule unaovuta maji.

Na hapo kuna kitu kingine. Nikuulize, huyu Staa mnamtoa saa ngapi apumzike? Nina hakika hamumtoi. Timu za mtaa zote ni hivyo, mzuri anaanza na anamaliza, dakika zote 40, kwa sababu mkimtoa mnaogopa mtaachwa na pointi kumi. Na mkiwa na mpira mnampa yeye, wanne mnasimama mnaangalia, anakabwa na watu wawili, anarusha. Sasa mtu wa hivyo anapumzikia wapi? Kwenye ofensi hawezi maana nyinyi wote mnamngoja. Anapumzika kwenye difensi, mnapozuia! Hapo tu ndipo mmemwachia. Hata ile mikono kiunoni, nusu yake ni kiburi, nusu yake ni pumzi imekata na hataki mtu ajue, maana mtu akishaitwa staa hawezi kusema nitoeni nimechoka.

Gregg Popovich wa San Antonio Spurs alikuwa na Tim Duncan kwa misimu 19, wakachukua ubingwa mara tano. Huyo kocha alikuwa anamfokea Duncan mbele ya wenzake kama anavyomfokea yule wa mwisho kwenye benchi, na Duncan ananyamaza anasikiliza, na ukishaona mkubwa anafokewa akanyamaza wewe mdogo utakuwa na mdomo gani. Hio stori watu wa basketi wanaipenda sana. Ila nusu ya pili hawaisimulii, kwamba huyo huyo Popovich ndiye aliyekuwa anampumzisha Duncan bila kuomba ruhusa ya mtu. Machi 2012 kwenye karatasi ya mechi sababu ya Duncan kutocheza iliandikwa uzee, kiutani, na mwisho wa mwaka huo timu ikapigwa faini ya dola 250,000 na NBA kwa kuwarudisha nyumbani wachezaji wake wakubwa badala ya kuwapeleka Miami. Alidai sana na alipumzisha sana. Wewe umeshika ile ya kudai tu.

Kwa hivyo usimweke nje ya timu. Mbadilishie mkataba. Mwambie kuanzia sasa kila kota atatoka dakika mbili tatu, akiwa anafunga au hafungi, na wiki ambayo maji yanakupwa jioni asianze kabisa, aingie kota ya pili akiwa amekunywa maji na amekaa chini. Badala yake dakika akiwa ndani anakimbia. Akipoteza mpira anarudi. Akisimama mara ya pili anamkodolea refa, anatoka, hapo hapo, hata kama ni Mombasa na hata kama mnaongozwa, anakaa dakika tatu anarudi, hakuna hotuba wala kununiana. Kumtoa mtu dakika tatu mbele ya watu wanaomjua kunamuuma kuliko kumfukuza, na hakuleti msiba mtaani. Lakini ujue mechi moja mtafungwa kwa sababu hio, tena labda mechi mnayoitaka. Kama hamko tayari kufungwa hio moja basi usianze hili jambo kabisa, maana ukimtishia halafu dakika ya 38 ukamrudisha mbio mbio kwa kuwa mko chini, hutamtishia tena na hata wale wengine hawatakusikia.

Yule mtoto anayeandika daftari mwongezee vijisanduku, aandike nani alirudi na nani hakurudi, nani alimzuia mtu wake kwenye ribaundi, na faulo ya kusaidia aiwekee alama ya yule aliyepitwa. Awaandike wote, na wewe ukiwemo. Ukimwandika Staa peke yake atajua ni mtego na atakuwa na haki ya kukasirika, na pia nakwambia utashangaa, kuna mmoja kati ya hao wanaopiga kelele tumtoe tumtoe ambaye na yeye harudi ila hakuna anayemwona kwa sababu macho yote yako kwa Staa. Nimeona timu nyingi, huyo mtu hakosi.

Mazoezi je? Hapo usilegeze sana. Kama boti imechelewa atume ujumbe kabla ya alasiri, basi, hatadaiwa. Kama hakutuma na akaja mmemaliza kukimbia, akimbie yeye mwenyewe wakati nyinyi mnarusha. Kurusha mipira ya mbali na kuchekesha watu si mazoezi, hata kama inaingia.

Habari ya Olajuwon sasa. Ulichoandika ni kweli, na sisi huku pwani tunajivunia yule mtu wa Lagos, lakini ulikosea mahali pa kuiweka na ukakosea mfano. Olajuwon kazi yake ilikuwa hio moja, analipwa, ana daktari wa timu na analala mchana. Staa anafunga na anavuta nanga. Halafu ukamwekea kwenye grupu mbele ya watoto wanaomwita Staa, ulitaka akujibu nini? Allen Iverson 2001 alikuwa mchezaji bora wa NBA, mwaka uliofuata waandishi wakamsonga habari ya kukosa mazoezi, akakasirika akawa anarudia neno mazoezi, mazoezi, mazoezi, na video ile watu wanaicheka mpaka leo. Wachache wanakumbuka kwamba katika kikao kile kile alisema rafiki yake amekufa. Walikuwa wanamuuliza yeye kuhusu mazoezi na yeye kichwani ana maiti. Kwa hivyo hayo maneno yako na Staa yawe ya watu wawili, na yasiwe baada ya mechi mliyofungwa, na yasiwe nyumbani dadake akiwa jikoni anasikiliza. Mfuate ufukweni anapoosha boti, mshikie ndoo, muulize kwanza kazi inaendaje, halafu nyamaza. Kama kuna goti, deni, sijui bosi anayemnyima siku ya kupumzika, kitatoka chenyewe. Kisichotoka usikichimbe. Ndio hapo umpe masharti yako, kwa sauti ya kawaida. Na umwombe arudi kwenye grupu, umwombe wewe, maana ulimtoa wewe.

Na akikataa? Akisema mimi ndivyo nilivyo, mkitaka mnichukue hivyo? Basi mshukuru, mwambie nafasi yake ipo akibadilisha mawazo, na mwanze ligi bila yeye. Mtafungwa mechi kadhaa. Senta wako atamaliza mechi akiwa uwanjani na mtajua kumbe ana mikono.

Huyo sponsa nenda ukamwone dukani kwake kabla ligi haijaanza, usingoje akaja akamkuta Staa amekaa kwenye benchi akadhani mmemfitini. Mfanyabiashara anaelewa habari ya kumpumzisha mtu ili afike kota ya nne akiwa na nguvu, mweleze hivyo na atakuelewa. Akisema mimi nimetoa jezi kwa ajili ya huyo tu, hapo utajua mnavaa jezi za nani, na hilo mkakae timu nzima mlizungumze, si lako peke yako.

Mkeo nimemwacha mwisho makusudi. Yeye ndiye aliyekwambia kaka amechoka na wewe ukamsikia kama mtu anayetetea ndugu yake, na kumbe alikuwa anakupa ripoti. Mwambie umemwelewa, mwambie utampumzisha kakake kila kota. Halafu mwambie mapema, kabla hajasikia kwa majirani, kwamba kuna siku utamtoa pia kwa sababu amesimama, na siku hio kama chakula kitachelewa wewe nunua viazi karai njiani, usigombane.